Saa ya Mlangoni na Saa ya Sindano

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi mmoja pale Tononoka, Mombasa, mbele ya wauguzi, maafisa wa kliniki, madaktari wa mafunzo, wahudumu wa afya wa mitaani na wajumbe wa kamati za hospitali. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaongeza mawili matatu niliyoyasahau kwa sababu ya joto.

Assalaam aleikum. Na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo nyote. Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi hii, na ahsante zaidi kwa kijana aliyenipisha kiti cha chini ya feni. Mungu amzidishie.

Mimi ni muuguzi. Nimestaafu, lakini kazi hii haivuliwi pamoja na yunifomu. Nimeifanya miaka 31, mingi yake zamu ya usiku, wodi za akina mama na wodi za watu wazima. Hospitali nilizofanyia sitazitaja. Nikizitaja mtatoka hapa mkisema "kumbe ni wale", na mimi sikuja kuwapa watu wa kusengenya.

Nimeombwa niseme kama hospitali zetu zinafuata mwongozo wa kutibu sepsisi. Jibu fupi ni kwamba mwongozo tunao, umebandikwa ukutani, na daktari wa mafunzo ukimwamsha usiku wa manane atakusomea wote kwa moyo. Pamoja na hayo mgonjwa anakaa kwenye benchi saa tatu bila sindano. Nataka tuzungumze juu ya hizo saa tatu, zinakwenda wapi.

Kwanza niwaombe radhi wataalamu, niwaeleze kidogo wazee wa kamati na hawa vijana wa mitaani, maana wao ndio wanaotuletea wagonjwa. Watu wetu husema "damu imeingia sumu". Hawako mbali na ukweli. Mtu ana kidonda, au kichomi, au ana ugonjwa wa njia ya mkojo, au amejifungua na kuna kitu kimebaki tumboni kinaoza. Mwili unapigana na vijidudu, kisha vita vinapita mpaka, mwili unaanza kujiumiza wenyewe. Mkojo unakatika. Pumzi zinakwenda mbio. Presha inaanguka. Mtu anaanza kumwita mkewe kwa jina la dadake. Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana hiyo ndiyo maana ya sepsisi: maambukizi yaliyoufanya mwili upoteze mwendo wake hata viungo vikaanza kushindwa kazi. Homa peke yake haitoshi kuitwa hivyo, na wako wenye sepsisi ambao hawana homa kabisa, mwili baridi kama samaki wa barafu. Hawa wa baridi ndio wanaotuponyoka.

Ukubwa wake? Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kwamba mwaka 2017 peke yake watu milioni 48.9 walipatwa na sepsisi duniani na milioni 11 wakafa. Katika kila vifo vitano ulimwenguni, kimoja. Na wagonjwa 85 katika kila 100 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu na kwa jirani zetu. Mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 2017, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba kila nchi ilishughulikie jambo hili. Hapa karibu, Kilifi, watafiti walipima damu ya watoto waliolazwa, wakaandika mwaka 2005 kwamba katika watoto waliofariki, zaidi ya robo walikuwa na bakteria ndani ya damu. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tukiandika malaria, malaria, malaria.

Sasa mwongozo. Mwaka 2002 madaktari wa wagonjwa mahututi walikutana Barcelona wakaapa kupunguza vifo vya sepsisi. Mwaka 2004 wakatoa mwongozo wa kwanza, na tangu hapo umekuwa ukirekebishwa kila baada ya miaka michache. Toleo la 2021 ukilikamua, kwa muuguzi wa zamu linabakia hivi: mtambue mapema, pima lakteti, ile asidi inayozidi ndani ya damu viungo vikikosa hewa, kama unacho kipimo, toa damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla ya dawa ikiwa haitachelewesha dawa, piga antibiotiki, toa maji ya mshipa kwa kiasi, na ikiwa presha haisimami tumia dawa za kuisimamisha. Tena tafuta usaha ulipo uutoe, maana huwezi kuosha nyumba na choo kimefurika ndani. Kwa aliye katika mshtuko, presha imeanguka, dawa iingie ndani ya saa moja. Kwa yule unayemshuku tu na presha yake imesimama, una mpaka saa tatu za kumchunguza upesi kwanza. Tofauti hiyo ishikeni, nitairudia.

Msidhani kutofuata mwongozo ni ugonjwa wa Mombasa. Mwezi wa Novemba 2013 ulifanywa uchunguzi katika nchi 62, ukahesabu wagonjwa 1,794 wa sepsisi kali. Waliopata mambo yote ambayo mwongozo ulitaka yafanywe katika saa tatu za kwanza walikuwa asilimia 19 tu. Na hizo nyingi ni hospitali zenye mashine ambazo mimi nimeziona kwenye picha. Waliotimiziwa, walikufa asilimia 20. Wasiotimiziwa, asilimia 31. Mimi huwa mwangalifu na hesabu za namna hii, kwa sababu pengine aliyetibiwa vizuri alikuwa amewahi pia, au alikuja na ndugu mwenye sauti kubwa. Hata hivyo tofauti ya namna hiyo huwezi kuifumbia macho.

Marekani walikwenda mbali zaidi, wakaitungia sheria. Mwaka 2012 kijana mmoja wa New York, Rory Staunton, umri wake miaka 12, alianguka akicheza mpira wa kikapu shuleni, akachubuka kiwiko. Siku chache baadaye alikuwa amekufa kwa sepsisi, na hospitali ilikuwa imekwisha kumwona na kumrudisha nyumbani. Wazazi wake hawakunyamaza. Mwaka 2013 jimbo la New York likaamuru kila hospitali iwe na utaratibu wa sepsisi na ipeleke takwimu zake serikalini. Watafiti walipozichambua, wagonjwa 49,331 katika hospitali 149, waliona kwamba asilimia 82.5 walitimiziwa mambo ya saa tatu ndani ya saa tatu. Na kwa wale waliochelewa, kila saa moja iliyopita iliongeza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 4. Ilikuwa hivyo kwa antibiotiki. Kwa maji ya mshipa hawakuona kwamba kuwahi kuyamaliza kulibadilisha kitu. Kumbukeni hilo pia, tutakutana nalo Kilifi.

Nimeona mzee wa kamati anaandika "sheria". Andika, babu. Lakini sheria haitaniletea branula, ule mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa, saa nane za usiku.

Sasa niwape kisa, kisha mtanihukumu.

Ni miaka mingi imepita. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya Likoni, alikuwa amezalishwa kwa upasuaji mahali pengine siku tisa nyuma. Homa ya siku mbili, tumbo gumu kama ubao, uchafu unaonuka. Mumewe alimpandisha kwenye feri akiwa amemwegemeza begani. Kwenye daftari la kasualti ameandikwa saa moja na dakika ishirini jioni. Daktari alimwona saa mbili na robo, na nawaambieni daktari yule alifanya kazi safi: aliandika sepsisi ya baada ya kujifungua, akaandika antibiotiki mbili, seftriaksoni na Flagyl, akaandika maji, damu ipelekwe maabara, daktari wa upasuaji aitwe. Kando ya antibiotiki akaandika "sasa hivi" akapiga mistari miwili chini. Kwa hiyo kama ningewauliza leo, "mwongozo ulifuatwa?", mngeangalia faili mngesema ndiyo.

Mume akapewa karatasi aende kwa keshia. Saa mbili ni saa ya kubadilishana zamu, keshia anahesabu pesa, dirisha limefungwa, foleni inafika mpaka kwenye ngazi. Risiti ikatoka saa tatu kasoro dakika tano. Akaenda famasi. Dawa ipo, maji ya kuchanganyia hakuna, branula ya kijani na ya waridi zimekwisha, imebaki ya manjano ya watoto. Akaambiwa akanunue nje. Bwana yule hakuwa na pesa ya kutosha, akampigia shemeji yake, shemeji akatuma kwa simu, akatoka mguu mosi mguu pili kutafuta duka la dawa lililo wazi. Huku nyuma mgonjwa akapakiwa kwenye toroli kuletwa wodini kwangu, faili likabaki kasualti, likafuatwa. Mume aliporudi na mfuko wake wa nailoni alikwenda kasualti, hakumkuta mkewe. Akazunguka. Mimi wodini tulikuwa wauguzi wawili, wagonjwa 46, na mmoja wao anatoka damu. Sindano ya kwanza niliipiga saa tano kasoro dakika kumi usiku.

Hesabuni. Kutoka mlangoni, saa tatu na nusu. Katika hizo, za daktari ni dakika hamsini na tano. Zilizobaki zilikwenda kwenye dirisha, kwenye ngazi, barabarani, na kwenye toroli.

Lakini kisa chenyewe hakiko hapo. Kiko kwenye karatasi ya dawa. Ile karatasi yetu wauguzi mnaijua, ina safu zimechapwa tayari: saa mbili asubuhi, saa nane, saa mbili usiku, saa nane usiku. Mimi nilipomaliza kupiga sindano niliweka alama yangu pale kwenye saa mbili usiku na saini yangu, kama nilivyofanya kila usiku kwa kila mgonjwa, kama mwalimu wangu alivyonifundisha. Sikuwa na nia ya kudanganya. Nilikuwa naweka alama mahali pa alama.

Yule mama alifariki siku ya pili, karibu na adhana ya alfajiri. Juma lililofuata kukawa na kikao cha kupitia vifo. Wakasoma faili. Mmoja akasema, dawa ilitolewa saa mbili usiku, kwa hiyo upande wetu hakuna tatizo, mgonjwa alichelewa kuja, na feri nayo. Daktari ameandika saa mbili na robo. Dawa imetolewa saa mbili. Yaani tuliitoa robo saa kabla haijaandikwa, na katika chumba kile cha watu kumi na moja hakuna aliyeshtuka. Na mimi nilikuwemo. Nilinyamaza.

Mumewe alikuja baadaye kuchukua karatasi za maziko. Akaniuliza, "Sista, ile sindano ilichelewa kwa sababu mimi nilichelewa dukani?" Nikamwambia hapana. Hilo ndilo jambo la kweli pekee nililolisema katika kesi ile nzima.

Nimelileta mbele yenu kwa sababu ripoti ya taifa ya uchunguzi wa vifo vya akina mama nchini Kenya, ya mwaka 2017, ilisema zaidi ya akina mama tisa katika kumi waliofariki walikuwa wamepata huduma yenye kasoro ambazo pengine zingeepukwa. Watu walipiga kelele kwamba madaktari hawajui kazi. Mimi nikawaza: na hizo ni kasoro zilizoonekana kwenye mafaili. Mafaili yenyewe ni yale tunayoyaandika sisi.

Kwa hiyo mtu akiniletea ripoti kwamba hospitali yake inafuata mwongozo wa sepsisi kwa asilimia 90, swali langu ni moja: saa hiyo aliiandika nani, na aliiandika lini?

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Hili la pili nimelisikia sana wodini, mgonjwa akishafunikwa shuka. Tulitumie kwa wakaidi. Kwa mtu aliyekaa foleni akiisubiri dawa hiyohiyo, tusilitamke.

Sasa ngojeni, maana naona daktari wa mafunzo pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema. Utasema, Sista, tukikimbizana na saa, kila mwenye homa atapigwa seftriaksoni, na bakteria watazoea dawa. Maneno yako ni ya kweli kabisa. Hii seftriaksoni tumeigeuza kuwa panado. Ndiyo maana nikasema ishikeni ile tofauti: aliye na mshtuko, saa moja, unayemshuku tu, una saa tatu za kumchunguza, kupima malaria, kuangalia mkojo, kumsikiliza kifua. Mwongozo wenyewe umekupa nafasi ya kufikiri. Na baada ya siku mbili rudi kwa mgonjwa, majibu ya maabara yametoka, punguza dawa au badilisha. Hilo la kurudi kupunguza nalo ni sehemu ya mwongozo, na tunalifuata vibaya kuliko lile la kuanza.

Tuje kwenye maji, na hapa nataka watu wa Pwani mjivune kidogo. Kwa miaka mingi vitabu vilisema mtoto mwenye mshtuko wa maambukizi mmwagie maji ya mshipa, mengi, upesi. Mwongozo ulisema hivyo na ulitoka kwenye hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Watafiti wakiongozwa kutoka hapo Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu kama Mtwapa hakuna msongamano, wakauliza: je, kwetu? Wakawachukua watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania, watoto wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wengine wakapewa maji ya kumiminwa kwa haraka, wengine wakapewa ya polepole ya kawaida. Majibu yalitoka mwaka 2011 na yalitikisa dunia. Kwa waliomiminiwa, watoto kama 10 na nusu katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Kwa waliopewa polepole, 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Na miaka sita baadaye yakatoka majibu ya Lusaka, Zambia, walikojaribu kwa watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kundi moja likafuatiliwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema, dawa za kupandisha presha na kuongezewa damu. Waliokufa hospitalini katika kundi la utaratibu ni asilimia 48.1, katika kundi la huduma ya kawaida, 33.

Sasa mtu atasema, basi Sista, mwongozo unaua, tuuache. Astaghfirullah, sikusema hivyo. Na tafadhali asitoke mtu hapa akamnyima maji mtoto wa kuhara na kutapika. Watoto wa kuhara hawakuwemo katika utafiti ule, na wao maji ndiyo dawa yao. Nasema kufuata mwongozo ni pamoja na kujua uliandikiwa nani. Toleo la 2021 lenyewe lililegeza kauli juu ya mililita 30 kwa kilo: zamani lilikuwa agizo zito, sasa ni pendekezo. Dripu si mapambo. Ukimtundikia mtu chupa, simama umsikilize mapafu, mtazame anavyopumua baada ya kila mililita mia chache. Kama huna wa kumtazama, mpe polepole. Antibiotiki ni habari nyingine, hiyo haikudhuriwa na tafiti hizi. Kwa hiyo katika yale yaliyobandikwa ukutani, mimi ningependa hospitali ipimwe kwanza kwa antibiotiki na kwa usaha uliotolewa. Mtu akija na fomu inayotaka nitie alama kwamba mgonjwa amemaliza lita mbili, nitamuuliza fomu hiyo imetoka wapi.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji hata umeme, na toleo hilohilo limekikubali kama msaada. Hebu kila mtu anyooshe mkono. Mzee, na wewe. Shika ncha ya kidole cha jirani yako, bonyeza kwa nguvu, hesabu mpaka kumi. Achia. Tazama pamekuwa peupe, sasa hesabu mpaka rangi irudi. Moja, mbili. Imerudi? Ikichukua zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki ncha za mwili vizuri. Watafiti wa Amerika ya Kusini walikilinganisha na kile kipimo cha lakteti, mwaka 2019, wakaona kuongoza matibabu kwa kidole si vibaya kuliko kuongoza kwa maabara. Lakteti kwetu mara nyingi kitendanishi kimekwisha. Vidole havijaisha. Mhudumu wa mtaani unaweza kufanya hivi Kisauni, kwenye mkeka, kabla hujamwita bodaboda au ambulensi. Ukisema kwa simu "rangi inarudi kwa sekunde tano na anapumua mara thelathini kwa dakika", hakuna daktari atakayekwambia mlete kesho.

Nini kinasaidia, basi? Semina peke yake, hapana. Nimehudhuria semina nyingi, nina mikoba ya semina ya kumwachia mjukuu. Lakini kuna jambo lilijaribiwa hapahapa Kenya, katika hospitali 8 za wilaya, juu ya matibabu ya watoto. Zote zilipewa vitabu vya mwongozo, mafunzo mafupi na ripoti za maandishi. Nusu yake zikaongezewa: mafunzo marefu zaidi, mtu wa ndani ya hospitali mwenye kazi ya kulifuatilia jambo hilo, ziara za mara kwa mara, na mrejesho wa ana kwa ana, watu wakikaa na kuonyeshwa mafaili yao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja na nusu hizo nne za pili zilikuwa mbele waziwazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Vitabu vilikuwa vilevile. Kilichozidi ni mtu wa kuuliza, na anayeulizwa kujua kwamba kesho ataulizwa tena.

Hospitali yangu ya mwisho, inchaji mmoja wa kasualti, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka ishirini, alifanya jambo ambalo mimi nilishindwa kulifikiria maisha yangu yote. Alichukua kasha la plastiki la kuwekea mahamri, lile lenye kifuniko cha kubana. Akatia ndani dozi mbili mbili za antibiotiki za kuanzia, maji ya kuchanganyia, branula za saizi tatu, sindano, plasta, chupa ya kuoteshea damu. Akaliweka juu ya meza ya kupokelea wagonjwa. Sharti lake: dozi ya kwanza hailipiwi kwanza. Sindano inaingia, halafu mume anakwenda kwa keshia kutafuta risiti, na asubuhi famasi wanajaza kasha kwa karatasi. Msimamizi wa fedha alikuja juu, akasema dawa zitaibwa. Yule dada akamwambia, "Bwana, hesabu dozi zilizotoka, hesabu majina yaliyoandikwa. Ikipungua moja kata mshahara wangu." Miezi yote niliyokuwepo haikupungua. Ilipungua plasta tu, na plasta tunajua huwa inakwenda wapi.

Kitu cha pili alichofanya kilikuwa kidogo kuliko hicho. Ndani ya kifuniko cha kasha alibandika karatasi yenye mistari miwili kwa kila mgonjwa: saa ya mlangoni, saa ya sindano. Hakuna safu zilizochapwa. Unatazama saa ya ukutani, unaandika unachokiona. Akatwambia, "Aliyechelewa aandike amechelewa. Sitamfokea mtu kwa saa ndefu. Nitamfokea kwa saa nzuri mno." Wiki ya kwanza, kati ya mlango na sindano zilikuwa zinapita saa tatu, saa nne, mmoja zilipita saa sita. Watu waliona haya. Wiki za mbele zikaanza kushuka, si kwa sababu mtu amesoma kitabu kipya, ila kwa kuwa ukiandika saa nne kwa mkono wako wewe mwenyewe, usiku unaofuata miguu inajua pa kwenda.

Wajumbe wa kamati, nyinyi ndio mnaokaa na bajeti. Kasha kama hilo haliingii hata kwenye mstari wa chai ya mikutano. Msiniambie kuhusu bima ya jamii na malipo yaliyochelewa, najua yanachelewa, nimewahi kununua glavu kwa pesa yangu Marikiti. Swali langu kwenu ni nani aliyeruhusiwa kupiga dozi ya kwanza kabla ya risiti. Kama jibu ni "inategemea", basi usiku jibu ni hakuna.

Nimemaliza kusema, sijamaliza kazi. Kwenye mfuko huu nimekuja na nakala za mafaili kumi, nimepewa kwa ruhusa, majina na namba zote zimefutwa kwa wino mweusi. Kila meza ichukue moja. Msisome ugonjwa, msitafute kosa la daktari. Tafuteni saa mbili tu: ya mlangoni na ya sindano. Halafu tazameni kama hiyo ya pili imeandikwa na mtu aliyetazama ukutani, au imewekwa kwenye safu. Kalamu ziko kwa kijana yule mwenye fulana ya bluu. Nawapa dakika kumi na tano, na feni hii mimi siiachi.